Aliye Baina ya Wawili: Swali la Maadili ya Upatanishi katika Bara ya Mombasa

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kumtafuta mhusika mkuu na hasimu wake, kisha tukaupima mgogoro kwa nguvu za hao wawili. Yupo mhusika wa tatu ambaye mara nyingi mhakiki humpita bila hata ya kumsalimu. Huyo ni yule aingiaye baina ya wagombanao, akachukua maneno ya huyu kumpelekea yule, na akarejea na majibu. Makala haya yanakusudia kumchunguza mhusika huyo, si katika vitabu peke yake bali pia katika historia ya watu wa Kisauni, Changamwe na Likoni, ambako ugomvi wa ndoa, wa ardhi na wa utu wenyewe umemhitaji kila zama. Swali letu ni la maadili: mpatanishi anadaiwa nini, na anayemdai ni nani? Jibu la haraka ni kwamba anadaiwa amani, na wanaomdai ni wale wawili waliomwita. Sisi tutajaribu kuonyesha kwamba deni lake lililo zito zaidi ni kwa mtu ambaye ugomvi unamhusu, naye hakuitwa barazani.

Tuanze na lugha, kwani lugha imekwisha kutoa hukumu zake kabla mwanafalsafa hajafika. Kitenzi *kuamua* leo tunampa hakimu na refa, na tunampa pia mtu yeyote anayekata shauri moyoni mwake. Hata hivyo, maana yake iliyo hai mitaani ni kuwatenganisha watu wanaopigana. Anayeamua ugomvi kwa maana hiyo bado hajasema nani ana haki. Amejitia kati kwa kiwiliwili chake, na yamkini atapata kofi lisilokuwa lake. *Kupatanisha* ni jambo jingine. Kimeundwa kutokana na *kupata*, kikavishwa viambishi vya kutendana na kutendesha, na ndani yake mmejificha wazo kwamba wagombanao walikuwa wamepoteana. Ama *suluhu*, ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio huo huo uliozaa *islahi*, yaani kutengeneza kilichoharibika. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti mjini Mombasa mwaka 1932 aliliita Al-Islah. Aliyelifungua akitarajia maneno ya kupooza hakuyapata, kwa kuwa sheikh aliwakaripia wenzake juu ya elimu, israfu na uvivu wa fikra. Kwa mujibu wa mzizi huo, basi, kutengeneza hakukuwa sawa na kunyamazisha.

Upande wa pili wa msamiati huo una giza. Mshenga, dalali na kuwadi wote husimama baina ya wawili, na wote huishi kwa ulimi. Zaidi ya hao yuko ndumilakuwili, aliyepewa jina la nyoka asemwaye kuwa na vichwa viwili. Tukiwatazama kwa nje, kazi yao ni moja: wanasema hivi hapa na vile kule. Mshenga mwenyewe, tunayemheshimu, hapeleki posa kwa maneno yale yale aliyopewa na mwenye kuoa. Huyatia sukari, huyapunguza pilipili. Tofauti yake na ndumilakuwili iko wapi? Kwa maoni yetu haiko katika maneno bali katika kurudiwa. Ndoa ikiyumba, watu humrudia mshenga na kumwuliza, naye hana pa kujificha, kwa sababu ni jirani, au mjomba, au mtu wa msikiti mmoja na wao. Dalali amekwisha kuchukua chake na kwenda zake. Ndumilakuwili hatamani arudiwe, kwa maana siku pande zote mbili zitakapokutana bila yeye ndiyo siku atakapoumbuka.

Hekima ya mapokeo nayo haisemi kwa sauti moja. Methali ya ndugu wagombanao inatufundisha tuchukue jembe tukalime, na wakipatana tuchukue kapu tukavune. Huo ni ushauri wa mtu aliyewahi kuingilia kati akajuta. Methali nyingine inasema mjumbe hauawi, na kwa kweli inamlinda, lakini ulinzi wake una sharti: mjumbe asiongeze wala asipunguze. Mpatanishi hawezi kulitimiza sharti hilo. Akiyafikisha matusi kama yalivyotamkwa, amewasha moto. Akiyapunguza, amekwisha kuacha ujumbe na kuingia katika utunzi, na hapo ndipo fasihi na maadili vinapokutana.

Tukiacha lugha, tunakuta mifano miwili ya upatanishi inayoshindana katika Kenya ya leo. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama ziendeleze njia nyingine za kutatua migogoro, zikiwamo maridhiano, upatanishi na taratibu za jadi, mradi tu zisikiuke haki za binadamu. Tangu mwaka 2016, ulipoanza kwa majaribio Nairobi, upo upatanishi unaosimamiwa na mahakama, ambamo kesi hupelekwa kwa mpatanishi aliyeidhinishwa. Sifa kuu ya mtu huyo ni ugeni. Hana undugu na yeyote wala maslahi katika kinachogombaniwa, na ayasikiayo ni siri. Mfano wa pili ni wa zamani zaidi. Aya ya 35 ya Sura ya An-Nisaa inaagiza kwamba mume na mke wakihofiwa kufarakana, ateuliwe mwamuzi mmoja katika jamaa za mume na mwingine katika jamaa za mke. Hapa hatakiwi mtu asiye na upande. Wanatakiwa watu wawili wenye pande, kila mmoja akiwa na uchungu na wake, ili pendeleo la huyu lizuiliwe na pendeleo la yule.

Mitaa ya Kisauni na Likoni huutegemea mfano huu wa pili kuliko inavyokiri. Kabla ya shauri kufika kwa kadhi, limekwisha kupita kwa wazee wa pande mbili na kwa mzee wa mtaa. Susan Hirsch, aliyefanya utafiti katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, ikiwamo Mombasa, na kuchapisha kitabu chake mwaka 1998, alionyesha jambo ambalo wahakiki wa masimulizi wangepaswa kulipa uzito: mwanamke anayeshitaki anakabiliwa kwanza na swali la kusimulia. Jamii inamtaka asubiri na asitoe siri za nyumba. Pasipo kusimulia, hana shauri. Akisimulia, amevunja adabu ya mke. Hata hivyo wanawake ndio walioleta mashauri mengi, na mara nyingi walishinda.

Tukiyazingatia hayo, tunaona faida na hatari ya mpatanishi wa ukoo kwa pamoja. Faida yake ni kwamba anaweza kupokea simulizi isiyostahili kusikiwa hadharani. Mke humweleza shangazi yake neno ambalo hatalitamka mbele ya karani wa mahakama. Hatari yake ni kwamba jamaa huja na dawa moja, nayo ni subira, na dawa hiyo hunyweshwa aliye dhaifu. Ni nadra kumsikia mzee akimwambia mume mkali kwamba asubiri. Mara nyingi mwenye shauri mwenyewe yuko chumba cha ndani, akisemewa na mjomba wake, ilhali wanaume sebuleni wanaafikiana juu ya maisha yake. Wamepatana, bila shaka. Waliopatana ni familia mbili.

Hapo linazuka suala ambalo wanazuoni wamelijadili kwa karne nyingi: je, mpatanishi ana ruhusa ya kusema uongo? Ipo hadithi ya Mtume aliyoipokea Ummu Kulthum binti Uqba, nayo imo katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim. Maana yake ni kwamba si mwongo anayewapatanisha watu, akafikisha jambo la kheri au akasema la kheri. Wako wanazuoni waliouchukua uradhi huo kwa upana, na wako waliosema kwamba kinachoruhusiwa ni kauli ya fumbo tu, yenye maana mbili, ambayo msemaji hakusudii ile anayoifahamu msikilizaji. Ulaya, mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba wajibu wa kusema kweli haulegei hata mbele ya muuaji anayemsaka rafiki yako. Sidhani kama Kant angedumu siku mbili katika kazi ya ushenga.

Lakini haitoshi kumcheka Kant. Ruhusa ya hadithi ile, tukiisoma kwa makini, inahusu kunukuu. Mpatanishi anamwambia Fulani kwamba hasimu wake amemkumbuka kwa wema, ijapokuwa wema huo ulitajwa kwa shingo upande, au haukutajwa. Anachokibadilisha ni picha ya moyo wa mtu, na moyo ni kitu kigeukacho. Pengine maneno yale ya uongo leo yatakuwa kweli kesho, na yatakuwa kweli kwa sababu yalisemwa. Tunaweza kuuita huu uongo wa maneno. Hautofautiani sana na kazi ya mtunzi. Uko uongo wa pili, ambao ni wa matendo: kusema kwamba hakupigwa aliyepigwa, kwamba haikuchukuliwa ardhi iliyochukuliwa, kwamba mali ilikuwa ya huyu kumbe ilikuwa ya yule. Uongo huu haugeuzwi kweli na kesho yoyote. Kadhalika, haumdhuru aliyeusema wala waliousikia kwa furaha, bali humdhuru mtu wa tatu. Mpatanishi anayevuka kutoka uongo wa kwanza kuingia wa pili amekwisha kubadilisha kazi, hata kama bado anaitwa kwa jina lile lile.

Tuuchukue sasa mfano wa kihistoria ambao kwetu sisi ndio mzito kuliko yote. Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, huko Kisauni, wamishonari wa CMS walianzisha mwaka 1875 makazi ya watumwa waliookolewa na manowari za Kiingereza baharini, wakayaita Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere. Kengele yao ingaliko hadi leo kando ya barabara. Matatizo hayakuletwa hasa na hao walioletwa na manowari. Yaliletwa na watoro, yaani watumwa wa mashamba ya pwani waliowakimbia mabwana zao kwa miguu yao wenyewe, wakakimbilia vituo vya misheni vya Freretown, Rabai na Ribe. Mabwana walidai mali yao. Wamishonari, ambao sheria ya nchi haikuwapa haki ya kuwaficha watoro, walijikuta kati ya dhamiri na woga. Zaidi ya mara moja mambo yalikaribia kufikia kupigana.

Mwaka 1888 aliingia mtu wa kati. George Mackenzie alifika Mombasa kwa niaba ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ndiyo kwanza imepewa hati na Malkia wa Uingereza. Upande wa Wajerumani, kuanzia Pangani hadi Bagamoyo, vita vya Abushiri vilikuwa vimekwisha kuwaka tangu Septemba mwaka huo, na Mackenzie hakutaka moto huo uvuke. Alizungumza na mabwana, akazungumza na wamishonari, kisha akapendekeza fidia: riale 25 kwa kila mtoro. Mabwana wakaridhia. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watu zaidi ya 1,400 walikabidhiwa vyeti vya uhuru.

Kwa kipimo cha kawaida huu ni upatanishi uliofaulu. Hakuna aliyepigwa risasi. Mabwana walipata fedha, wamishonari wakapata utulivu, Kampuni ikapata pwani isiyo na vita. Watoro nao walipata karatasi, na haifai kuidharau karatasi hiyo. Mtu aliyelala miaka mingi akisikiliza hatua za wanaokuja kumkamata anajua thamani yake kuliko mhakiki. Hata hivyo, kitu gani kilisemwa kuwa kweli ili amani hiyo ipatikane? Fidia hulipwa kwa mwenye mali. Kwa kulipa riale 25, mpatanishi alithibitisha kwamba watu wale walikuwa mali hadi asubuhi ile, na kwamba uhuru wao umetoka mkononi mwa Kampuni. Kumbe walikuwa wamekwisha kujikomboa wenyewe walipovuka mashamba usiku. Huu ndio tuliouita uongo wa matendo. Waliokaa kwenye mazungumzo walikuwa mabwana na wazungu, na mtoro aliingia katika mapatano kama hesabu. Wala mpatanishi mwenyewe hakuwa mgeni asiye na maslahi, kwa kuwa alikuwa na mzigo wake sokoni.

Athari za upatanishi wa namna hii huonekana katika fasihi. James Mbotela, aliyetokana na jamii hiyo ya Freretown, alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, na wahakiki wengi wameona jinsi kitabu hicho kilivyojaa shukrani kwa Mwingereza. Aghalabu wamemlaumu mwandishi kwa kasumba. Lawama hiyo tunaiona kuwa nyepesi. Simulizi ya Mbotela ni ya waliookolewa na manowari, na katika simulizi hiyo shukrani ina mahali pake. Kinachokosekana katika rafu zetu ni simulizi ya mtoro, aliyejiokoa kisha akaandikiwa cheti kana kwamba ameokolewa. Simulizi hiyo ingeanza wapi? Haingeweza kuanzia Rabai siku ya mwaka mpya. Ingeanzia shambani, na shujaa wake asingekuwa na mtu wa kumshukuru. Upatanishi wa 1889 uligawa vyeti, na papo hapo uligawa mwanzo wa hadithi. Waliopokea cheti walipokea na mwanzo huo.

Pengine msomaji atasema mambo hayo ni ya kale. Na tuvuke basi kivuko cha Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, polisi wakauawa na bunduki zikachukuliwa, na katika siku zilizofuata maelfu ya watu wenye asili ya bara walifukuzwa katika nyumba zao. (Neno *bara* lenyewe ni mgomvi: kwa mtu wa kisiwani, Likoni ni bara, kwa mtu wa Likoni, bara huanzia mbali zaidi, na wanaotoka huko ndio walioambiwa waondoke.) Washambuliaji walisemekana kula kiapo katika Kaya Bombo, na kwa sababu hiyo wazee wa kaya, ambao kwa jadi ndio wasuluhishi, walitiwa shakani wote kwa jumla. Viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, waliingia katika pengo hilo, na kutokana na juhudi zao likachipuka Baraza la Viongozi wa Dini la Pwani. Kwa maoni yetu walifanya kazi njema ya kuamua, kwa maana ile ya kwanza ya kutenganisha wapiganao. Ila kusuluhisha, kwa maana ya kutengeneza kilichoharibika, kulihitaji ijulikane nani alipanga na nani alilipa. Tume ya Jaji Akiwumi ilimaliza ripoti yake mwaka 1999, nayo serikali ikaikalia hadi Oktoba 2002. Kwa miaka mitatu watu walihimizwa wasameheane juu ya jambo ambalo ukweli wake ulikuwa umefungiwa kabatini.

Ghasia hizo zilipokuwa zikiendelea, shamba la Waitiki huko Likoni, lenye ukubwa wa ekari 930, lilivamiwa na maskwota, na mwenyewe akaondoka. Baada ya miaka mingi ya mvutano serikali ilijitia kati, ikalinunua kwa shilingi bilioni 1.1, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaanza kugawa hati kwa wakaaji, ambao walitakiwa kurudisha sehemu ya gharama kidogo kidogo. Tukiweka kando tofauti zilizopo, na tofauti kubwa ni kwamba ardhi si mtu, umbo la mapatano haya ni lile lile la 1889. Mwenye kudai analipwa, mwenye kukaa anapewa karatasi, na anayelipa anapata utulivu pamoja na sifa. Hatusemi kwamba ilikuwa makosa kulipa. Mwenye shamba alikuwa na hati, naye alifukuzwa kwa mabavu, kwa hiyo kumnyima fidia kungekuwa dhuluma mpya. Tunachouliza ni nani hakuitwa. Hawakuitwa wapangaji wa kutoka bara waliokimbia mwaka 1997 wakiacha vyumba na biashara ndogo ndogo, kwa kuwa hawakuwa na hati ya kuuza wala kipande cha kukalia. Halikuulizwa pia swali la zamani zaidi, la jinsi Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilivyoigawa pwani kwa waliojua kudai maofisini, ikawaacha waliokuwa wakilima bila kuandika. Hadi leo, katika sehemu nyingi za bara ya Mombasa, mtu humiliki nyumba asimiliki ardhi iliyo chini yake, akamlipa kodi ya kiwanja wakala wa mwenyewe ambaye pengine hajawahi kumwona. Wakala huyo naye ni mtu wa kati. Kazi yake, tofauti na ya mpatanishi, ni kuhakikisha pande mbili hazikutani.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Mpatanishi akingoja mpaka kila anayehusika aitwe, na kila ukweli utajwe, watu watakufa mbele yake. Pingamizi hili ni la haki, na mtu aliyekuwa Likoni Agosti 1997 angekuwa wa kwanza kulitoa. Jibu letu ni kwamba kuamua kusingoje kitu. Wapiganao watenganishwe leo, hata kwa uongo wa maneno. Kosa huja pale kuamua kunapopewa jina la suluhu, likapigiwa ngoma na kutiwa saini, ili asiyekuwapo akitokea kesho aambiwe kwamba shauri limekwisha. Mshenga mwema anajua kwamba atarudiwa. Mackenzie alijua kwamba hatarudiwa.

Tumalizie kwa mtu wa kati aliye mashuhuri kuliko wote katika tamthilia ya Kiswahili, ambaye ni nadra kumsoma kwa jicho hili. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, si jemadari wala mwanasiasa kwa asili yake. Ni mchukuzi wa maneno baina ya pepo na watu, na baina ya makabila yasiyoaminiana. Anayapatanisha makabila hayo kwa neno la maji, kisha neno linamponyoka, linatembea peke yake, na yeye aliyelileta ndiye wa kwanza kulitilia shaka. Mwishoni akiwa kifungoni anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kwa kipimo cha Kant ilimpasa akubali upesi, maana yeye mwenyewe alikuwa na shaka nayo. Anakataa. Wahakiki wamelieleza kataa hilo kwa ushujaa, au kwa ukaidi, au kwa siasa ya ukombozi. Sisi tunaona kwamba Kinjeketile amekwisha kutambua maneno yake yanabebwa kwa nani. Afisa aliye mbele yake si msikilizaji hasa. Wasikilizaji ni watoto na wajukuu wa waliokufa, ambao wataambiwa kwamba hata kiongozi wao alikiri kuwa kupigana kulikuwa kosa. Hao hawajazaliwa, hawana kiti katika chumba kile, na mjumbe anakataa kuwapelekea ujumbe huo.